Uyoga Niliompikia Mama Mkwe

Hamjambo nyote, wa hapa mbele na wa kule mlangoni. Mungu ametufikisha siku nyingine na ametuongezea mvua juu yake, kwa hivyo tuna sababu mbili za kumshukuru. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nizungumze, siyo kwamba mimi ni msemaji, ila mvua imenyesha siku nne na tangu jana watu wanapanda mlimani na vikapu. Ameniambia, "Waeleze yako kabla hawajapika." Wengine mnaijua habari hii kwa upande wa kucheka. Leo mtaisikia kwa aliyechekwa.

Mnajua nilikuwa Athi River, kule viwanda vya nguo vya EPZ, miaka kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali. Siyo suruali, mfuko. Mpaka leo nikikutana na mtu njiani namwangalia nyuma kwanza, na mke wangu amenikataza tabia hiyo. Kisha kazi ikapungua kiwandani, tukaambiwa tupumzike kidogo, na mapumziko hayo hayakuisha. Nikarudi hapa Mitaboni na begi moja.

Ndugu zangu, nawaambia, mwanamume akirudi nyumbani bila kazi hata kuku wanajua. Mke wangu hakunisema. Aliamka, akalima, akakamua mbuzi, akapika, na mimi nikakaa kwenye kiti nikimwangalia. Mvua ya masika ilipoanza nikakumbuka tulivyookota uyoga tukiwa watoto. Nikapanda msituni, nikarudi na kikapu kimejaa uyoga wa kichuguu. Tukala na ugali, watoto wakalamba sufuria. Mke wangu akasema, "Leo umetulisha." Ni maneno mawili tu, lakini siku hiyo nililala nikiwa mtu.

Hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Nikawa napanda kila siku. Nikaanza kuangalia picha za uyoga kwa simu, na baada ya wiki mbili nilikuwa nafundisha watu sokoni. Mtu akiniuliza kama huu unaliwa, naugeuza mara moja, nasema ndiyo au hapana, kama daktari. Bahati nzuri hakuna aliyeniamini.

Sasa mama mkwe akatutembelea. Mke wangu alikuwa amejifungua, na mama alikuja kumwona mtoto. Alikuja na mbaazi, viazi vitamu na jogoo. Mimi mwenye nyumba sikuwa na chochote cha kumkaribisha nacho. Mnajua heshima ya mama mkwe kwetu Wakamba. Huyo si mtu wa kumpa chai peke yake. Nikasema moyoni, nitampikia uyoga, na nitaupika mimi mwenyewe.

Asubuhi ile mlima ulikuwa unateleza kwa tope. Nilifika nusu, nikaanguka mara mbili, nikarudi. Njiani nikapita ule uwanja wa kulishia ng'ombe, na pale kwenye nyasi, nikaona uyoga mkubwa mweupe, umefunguka kama miavuli. Niliuona mzuri kuliko ule wa msituni. Sikuufananisha na picha yoyote. Nikaujaza kwenye kikapu.

Mke wangu akauliza, "Huu umeutoa wapi?"

Nikasema, "Mlimani."

Neno hilo ndilo lililonisimamisha hapa leo. Nilijua kwamba nikisema uwanja wa ng'ombe, atasema tutupe. Kwa hivyo nikasema mlimani, nikaukatakata haraka kabla mtu hajautazama sana. Nikatia kitunguu, kwa sababu nilisikia kitunguu kikibadilika rangi ujue kuna sumu. Hakikubadilika. Nawaomba, msitegemee kitunguu. Kitunguu hakijui chochote.

Watoto wakubwa walikuwa shuleni. Mke wangu alisema tumbo lake bado halitaki mboga ya mafuta, akanywa uji. Tukala mimi na mama. Akasema, "Mkwe, unajua kupika." Akaongeza tena. Nikafurahi sana, na hiyo furaha naikumbuka kwa uchungu kuliko yote yaliyofuata.

Saa mbili baadaye, mama alimrudisha mtoto kwa mke wangu. Kisha akainuka ghafla, akatoka nje. Nikataka kumwuliza kuna nini, nikashindwa, kwa sababu na mimi nilikuwa nakimbia. Sitawaeleza mengine, kuna watoto hapa. Jirani yetu mwenye pikapu alitubeba hadi zahanati, mimi na mama mkwe tumelala nyuma, mtu na beseni lake. Na mimi ni mtu ninayeogopa hata kupiga chafya mbele ya mama mkwe. Chekeni tu, ruhusa iko.

Lakini pale zahanati sikucheka. Mimi ni kijana kidogo, nilivumilia. Mama aliishiwa maji mwilini, midomo ikakauka, akawa anajibu kwa kope. Muuguzi alitafuta mshipa mara tatu ndipo dripu ikaingia. Akanigeukia, akasema, "Uyoga huo uliota wapi? Usinifiche, nataka kujua tunapigana na nini."

Mke wangu alikuwa amesimama hapo na mtoto mgongoni. Nikasema, "Kwenye nyasi. Uwanja wa ng'ombe."

Alinitazama tu, halafu akaenda kumfuta mamake uso.

Mama alilazwa siku tatu. Siku ya pili nilikaa kwenye benchi nje nikimwomba Mungu kwa ahadi ambazo hata sikumbuki. Alipona. Mimi nilipona pia, lakini jina langu lilibaki kitandani. Mashemeji walituma ujumbe nisikanyage kwao. Sokoni wakaniita Mavuno. Kuna walionong'ona kwamba nilitaka kumwua mama wa watu. Nikaacha kuja hapa kikundini. Nikaacha kanisa. Nyumbani nilipewa chakula na kujibiwa salamu, basi. Hilo la mlimani hatukulizungumza. Nilikaa hivyo tangu masika mpaka mvua za mwisho wa mwaka.

Mvua ilipoanza tena, asubuhi moja nasikia hodi. Natoka, namkuta mama mkwe, peke yake, na kiondo begani na fimbo mkononi. Ametembea vilima viwili.

Akasema, "Vaa gambuti."

"Mama, twende wapi?"

"Kuchuma uyoga. Ama umeshiba?"

Nikamfuata. Nilikuwa nikijiuliza kama atanisukuma kwenye bonde, na kama angenisukuma ningeona ni haki. Tulipanda polepole. Alinionyesha ule mgumu unaoota kwenye visiki kama rafu, akagonga kwa fimbo, akasema huo ni wa kutazama. Akanionyesha ule laini kama sikio kwenye gogo lililooza. Akanionyesha mmoja mwekundu mzuri sana. Nikainama. Akasema, "Unapendeza, uache upendeze hapo hapo."

Tukafika kwenye kichuguu. Akaniambia nichimbe kwa kidole, nifuate shina lake chini. Nilichimba mpaka kiganja kikazama. Ule mzizi ulikuwa mrefu, unashuka mpaka kwa mchwa wenyewe. "Usichume kichwa," akasema. "Kichwa kinadanganya. Toa wote, uone unatoka kwa nani."

Kisha akanipeleka kwenye ule uwanja wa ng'ombe. Niliomba tusipite. Akapita. Ulikuwa umeota tena, mweupe vile vile. Akaung'oa mmoja mkubwa, haukuwa na mzizi wa kushuka, na shingoni ulikuwa na pete. Akaupindua. Chini yake ulikuwa umeanza kuwa wa kijani, kama mchuzi wa ndengu. "Huyu ndiye," akasema. "Ningemwona mzima ningemjua. Wewe uliniletea akiwa amekatwa."

Nikasema, "Mama, nilidanganya. Nilisema ni wa mlimani. Sikuwa na kitu cha kukupa."

Akasema, "Najua. Binti yangu aliniambia siku ile ile. Nilikuwa nangoja wewe."

"Mbona hukusema miezi yote hii?"

"Ningesema mimi, ungebaki na uongo wako."

Tukarudi hadi kwake. Mashemeji walikuwepo, watatu, hawakunisalimia. Mama akapika uyoga niliouchimba mimi, akaweka sufuria katikati. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akachukua yeye, akala, akatafuna bila haraka, akanywa maji. Wanawe wanamtazama kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Akasema, "Ongezeni ugali." Basi. Yule shemeji mkubwa akavuta kiti. Jioni ile nyumbani nilimweleza mke wangu neno kwa neno, na akanisemesha mpaka nikatamani anyamaze. Nilikuwa nimeikosa sauti yake.

Siku hizi nina cherehani pale sokoni, natengeneza sare za shule, suruali nzima, siyo mfuko. Mvua ikinyesha, watu huleta vikapu kwetu, mimi na mama tunaangalia pamoja. Ule tusioujua hatubahatishi, unaingia shimoni, hata mwenye kikapu akinuna.

Namshukuru yule jirani wa pikapu, ambaye hakunidai hata hela ya kuosha gari, na mnaelewa lilihitaji. Namshukuru muuguzi aliyeuliza swali moja zuri. Namshukuru mke wangu, yuko pale, anaangalia chini. Na huyu mama aliyekaa safu ya pili na kiondo, ambaye nilikaribia kumzika kwa sababu ya aibu. Nĩ mũvea mũno, mama, asante sana.

Ninachowaachia ni kidogo. Kutojua uyoga si kosa, mimi mwenyewe bado najifunza. Nilikosea pale nilipoulizwa nikaficha. Kwa hivyo kesho mkitoka mlimani, leteni kwetu kabla ya kuweka sufuria motoni. Leteni mzima, na mzizi na udongo wake. Na nikiwauliza mmeutoa wapi, niambieni ukweli. Hata kama ni nyuma ya choo. Sitacheka.

Mungu awalishe vizuri.