Glasi ya Kwanza

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mama mshonaji na baba seremala. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu utotoni. Mimi mdogo wake, niliyemfuata ziwa, nilichukua yote aliyoyaacha, vitabu hadi viatu, ndiyo maana nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake hapa.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akawa kiranja wa darasa. Siku moja mwalimu alitoka, akamwambia aandike ubaoni majina ya wapiga kelele. Aliporudi alikuta jina moja tu, la kiranja mwenyewe. "Darasa niliachiwa mimi," alisema. Alichapwa peke yake, na wenzake wakamcheka njia nzima.

Baada ya chuo cha ufundi aliajiriwa kwenye mtambo wa maji wa mji mwaka 1974, akapanda hadi umeneja. Mwaka 1984 bomba kuu lilipasuka. Watu walijaa getini na ndoo tupu, wakimtukana matusi ya nguoni. Bomba lilipokwisha kutengenezwa, majibu ya maabara yalikuwa bado. Fundi wa zamu, ambaye sote tunamwita Kimya, aliuliza, "Tungoje majibu kwanza, mkubwa?"

"Fungua. Watu wana kiu."

Maji yalikuwa machafu. Wodi zilijaa watoto wanaoharisha. Mungu ni mwema, wote walipona.

Wakubwa wake walimshauri amtupie Kimya lawama, mambo yaishe. Jamani, angeweza! Angebaki na kiti chake, na nani angejua? Alikataa katakata. "Mkono ulikuwa wa Kimya," aliwaambia, "lakini amri ilikuwa yangu." Akavuliwa cheo, akarudishwa kwenye zamu.

Alikwenda pia wodini, kitanda kwa kitanda, kuomba radhi. Muuguzi mmoja akamkatiza: "Radhi baadaye, kaka. Shika beseni hili kwanza." Alishinda nalo siku nzima. Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1986, wakajaliwa binti na mwana. Marehemu alipenda kulalamika kwamba mkubwa ni jalala. Wifi yangu humwezi kwa majibu: "Jalala huko kazini. Hapa kwangu vua viatu."

Alirudishiwa cheo mwaka 1991, akaanzisha desturi yake. Kila asubuhi, majibu ya maabara yakishatoka, mkubwa wa mtambo alikunywa glasi ya kwanza mbele ya wafanyakazi, ndipo maji yafunguliwe kwenda mjini. Hata akiwa na mafua alikunywa, uso ameukunja.

Alistaafu mwaka jana. Kimya alipewa kiti hicho, akakikataa. Akawekwa kaimu, ambaye alifungulisha maji kwa simu, na glasi ikaishia kabatini.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua miezi hiyo hiyo. Tukienda kumtazama, hakuzungumzia dawa wala maumivu. Aliuliza, "Leo amekunywa nani?" Nasi tukabadilisha mazungumzo. Juma lililopita Kimya alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kiti kile kinanitisha, mkubwa."

"Hata mimi kilinitisha," marehemu akamjibu. "Siku utakapoacha kukiogopa, inuka, umpishe mwingine."

Kimya alimpa mkono, akaondoka. Kaka alifariki Jumatano asubuhi, tarehe 6 Juni 2012, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Inaniuma, sitawaficha.

Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka yetu mkubwa, dada yetu, na mimi.

Linalofuata halimo kwenye karatasi mlizoshika, kwa kuwa limetokea zikiwa zimeshachapwa. Mnamwona Kimya pale nyuma, na nguo za kazi. Msimlaumu, ametoka mtamboni moja kwa moja. Jana alikwenda kukubali kile kiti. Leo asubuhi aliitoa glasi kabatini, akaisuuza, akanywa mbele ya wafanyakazi wote. Ndipo mji ukapata maji.

Kaka, ulikuwa ukiuliza. Leo amekunywa Kimya. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.