Pini Ambazo Sikuziandika

Wapendwa, asanteni kwa nafasi. Wengi wenu mnanijua kwa sura tu. Mimi ni yule baba wa safu ya nyuma, karibu na dirisha lililopasuka kioo, na kwa miaka yote nimekaa pale sijawahi kuomba kusema neno. Mama kiongozi wetu akiuliza ni nani ana ushuhuda, mimi huinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Leo nimevaa viatu visivyo na kamba, makusudi, ndiyo nikose pa kujificha.

Chekeni tu, inanisaidia. Mbele huko hamtacheka sana.

Sitataja jina la mtu, wala la duka, wala la kampuni. Kuna mtu aliyeniruhusu nisimame hapa kwa sharti hilo, na nitaliheshimu. Lakini wengine wenu mtaijua hii habari nikifika katikati, kwa sababu mlikuwepo na mliniona nikikohoa. Sikuwa na kikohozi.

Nilifanya kazi ya uchapishaji miaka kumi na moja. Siku moja mashine zikauzwa, tukaambiwa asanteni, tukaenda nyumbani. Nikakaa hapa mtaani Satellite nikihesabu mabati ya jirani mpaka mama watoto akachoka kunitazama. Ndipo nikaingia kwenye kazi ya mteja wa siri. Kwa wale hawaijui: kampuni inakutuma dukani ukijifanya mteja wa kawaida. Unanunua kitu, unaangalia vile unahudumiwa, ukitoka unajaza fomu kwa simu. Wenye kukuhudumia hawafai kujua kamwe. Ukijulikana, kazi imeharibika.

Za kwanza zilikuwa za kuangalia kama choo cha kituo cha mafuta kina sabuni. Ndugu zangu, nawaambia, nimeingia vyoo vya hii Nairobi mpaka nikajua ni mlango upi unafungika kwa teke. Na malipo yalikuwa ya nauli na chapati mbili.

Nikaanza kutafuta kazi zenye malipo ya maana. Nikagundua ziko, ila hazionyeshwi kila mtu. Kila ripoti unayotuma inapewa alama, na ya juu kabisa ni kumi. Mwenye kumi nyingi anafunguliwa kazi za Westlands: hoteli, mikahawa, maduka ya suti. Kwa hivyo nikasoma hiyo kazi kama mtu wa mtihani. Nikajifunza kuamka mapema, kwa sababu kazi nzuri hutokea alfajiri na zimechukuliwa kabla watu hawajanywa chai. Nikajifunza kuhesabu dakika bila kuangalia saa, na kusoma jina kwenye kifua cha mtu bila kumkodolea macho. Na zaidi ya yote nikajifunza kuwa mtu asiyekumbukwa. Nilijivunia hilo. Naingia, natoka, na hakuna anayeweza kusema nilikuwa na sura gani.

Sasa sikizeni hapa, maana hapa ndipo nilipopotoka.

Kuna mkahawa nilitumwa. Fomu ikauliza, "Je, ulisalimiwa kabla ya nusu dakika?" Nikajibu hapana, kwa sababu ni kweli. Lakini mahali pa maelezo nikaandika kwamba yule msichana alikuwa anamsaidia mzee mwenye fimbo kukaa. Ripoti ikarudishwa na neno moja: maelezo hayalingani na majibu. Nikapewa sita. Kazi za Westlands zikapotea kwa simu yangu wiki tatu nzima, nikarudi vyooni. Nikajiambia, sawa, nimeelewa. Kuanzia leo maelezo yatakaa upande wa majibu.

Hakuna aliyenituma nidanganye, tuelewane. Mimi mwenyewe ndiye niliyejifundisha kuacha vitu nje.

Miezi michache baadaye nikapata ile niliyokuwa naiota. Duka la nguo za wanaume, Westlands. Ninunue suruali, nikunjiwe kwa kipimo changu, nilipwe vizuri, na suruali ibaki yangu. Siku hiyo nilinyoa ndevu zote, nikavaa miwani ingawa sina shida ya macho, nikaenda.

Akanihudumia dada mmoja. Suruali ilikuwa ndefu. Akapiga magoti na mto wa pini, akazitia pini mdomoni, kama sita hivi, akaanza kukunja. Fomu yangu inataka tabasamu. Inataka ataje jina lake. Inataka aniuzie na shati. Nikamwuliza kuhusu rangi nyingine, akatikisa kichwa. Nikamwuliza kitambaa ni cha wapi, akasema "mm" huku akikunja. Kisha akatulia, akatoa pini zote mdomoni, akaniangalia.

"Baba, pole kukuuliza. Mguu wa kushoto uliwahi kuvunjika?"

Nikasema ndiyo, nikiwa kijana, kule Kakamega.

"Ni mfupi kidogo. Nitakunja kila mguu na kipimo chake, ndiyo isiburutike."

Wapendwa, nimeshonewa nguo na mafundi maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuona hiyo kitu. Nilimwambia asante dada. Nilimwambia mara mbili. Nikangoja akashona, nikavaa, na kwa mara ya kwanza suruali yangu haikufagia barabara upande mmoja.

Nikatoka, nikakaa mahali penye kivuli, nikafungua fomu. Je, alitabasamu? Hapana. Je, alitaja jina? Hapana. Je, alikuuzia kitu cha ziada? Hapana. Nikafika kwenye maelezo, kidole kikasimama. Nilizikumbuka pini. Nilikumbuka mguu. Nikakumbuka pia ile sita na vyoo vya mafuta. Nikaandika hivi: "Mhudumu alikuwa amefunga mdomo kama mtu aliyelazimishwa kuja kazini."

Niliisoma mara ya pili nikaona ni sentensi nzuri. Nikatuma.

Nilipewa kumi. Wiki iliyofuata nikafunguliwa kazi ya hoteli, chakula cha watu wawili, nikampeleka mama watoto. Akala samaki akasema, "Baba, Mungu ametukumbuka." Nami nikaitikia amina.

Ikapita miezi miwili. Mama kiongozi akatangaza kwamba kuna dada mgeni, anaishi ule upande wa pili wa Satellite, amepoteza kazi na anajiandaa kurudi nyumbani magharibi. Twende tumtie moyo. Tukaenda Jumapili alasiri, tukiwa kumi na watatu, mimi na ndevu zangu zimerudi, kofia kichwani, fulana ya ushirika. Nikakaa kwa kona. Mwenyeji wetu akatoka jikoni na birika la chai.

Nilimjua kabla hajaweka birika chini.

Nikajiambia, wanafanana. Nairobi ina watu wengi. Akamimina chai, akapita mbele yangu, hakuniona. Nikashukuru, eti nashukuru, kwamba mimi ni mtu asiyekumbukwa. Mama kiongozi akamwuliza kwa upole ilikuwaje kazini.

"Kuna mteja aliandika barua juu yangu," akasema. "Siyo barua, ni ripoti. Waliniita wakanisomea. Ati nilikuwa nimefunga mdomo kama mtu aliyelazimishwa kuja kazini."

Kikombe changu kilikuwa njiani kuja mdomoni. Kilisimama hapo hapo. Sijui niwaelezeje. Maneno yangu mwenyewe, yote, bila kukosea hata moja, yalitoka kwa kinywa cha yule dada ndani ya nyumba yake, na watu wa Mungu wakaguna kwa huruma. Mtu mmoja kando yangu akasema, "Watu wako na roho mbaya."

Nyie mnakumbuka alivyoendelea. Alisema, "Nimefikiria sana ni nani. Hiyo siku nakumbuka mzee mmoja tu vizuri, mwenye mguu mmoja mfupi. Lakini yeye hawezi. Yeye aliniambia asante mara mbili."

Sasa nisikilizeni. Angenitukana pale ningevumilia. Lakini kunitetea? Dada ananitetea mbele yangu na mimi nakunywa chai yake? 

Kisha akaomba kitu kimoja. Alisema tusimwombee yeye, tumwombee aliyeandika, kwamba Bwana amsamehe, kwa sababu yeye mwenyewe anajaribu kumsamehe na bado hajaweza. Na mama kiongozi, Mungu akubariki mama, katika watu kumi na watatu ukageuka ukanitazama mimi. "Baba, wewe huwa husemi kitu. Leo tuongoze."

Nikasimama. Nikafumba macho. Nikasema, "Bwana." Na baada ya hapo hakuna kilichotoka. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikaanza kukohoa kikohozi cha uongo, nikaomba radhi, nikatembea kutoka kona ile mpaka mlangoni. Mtu mwingine akamalizia maombi. Mimi nilikuwa nje nimeshika ukuta.

Nilimwambia mama watoto kila kitu tukirudi. Tukafika kwa lango letu. Kisha akauliza, "Na yule samaki?" Nikamwambia ndiyo, alitoka hapo. Alilia, na nawaambia kweli, nilitamani angepiga kelele.

Jumatatu asubuhi nikaiandikia kampuni. Nikaeleza pini, mguu, yote. Nikaambiwa ripoti iliyokubaliwa haibadilishwi. Basi nikapanda kwenda Westlands, nikaingia lile duka, nikaomba kuonana na mwenye duka. Ni mzee wa Kihindi, amerithi duka kwa baba yake. Nikamwambia, mimi ndiye mteja wa siri, nikamweleza. Kwa kufanya hivyo nilikuwa nimevunja mkataba, na kweli kabla ya juma kwisha kampuni ikanifuta kabisa.

Yule mzee alinisikiliza bila kunikatiza. Akafungua droo, akatoa karatasi yenye ripoti yangu, akaisoma tena. Akauliza, "Alikuwa na pini mdomoni?"

"Ndiyo, mzee. Sita hivi."

Akakaa chini. "Hiyo kushika pini na mdomo, ni mimi nilimfundisha. Baba yangu alinifundisha hivyo. Miaka yote mimi nakunja suruali hakuna mteja ameona mimi nacheka." Akaiweka karatasi mezani. "Tulikuwa tunapunguza mfanyakazi mmoja. Mimi namjua huyu dada miaka saba. Nikaamini hii."

Nikamshukuru kwa kunisikiliza, nikatoka.

Alhamisi tukaenda kwake, mimi na mama watoto. Tulikuta mabegi mawili mlangoni yamefungwa kamba. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikavua kofia, nikaanza, "Dada, mimi ndiye..."

"Najua," akasema. "Nimekungoja siku nne."

Akanionyesha miguu yangu kwa kidole.

"Ulipotoka kukohoa nilikuona ukitembea. Mimi naangalia miguu ya watu, hiyo ndiyo kazi yangu. Nikajiambia, nimpe mpaka Ijumaa asubuhi, nikipanda gari ndiyo basi."

Ndugu zangu, mimi niliyedhani hakuna anayenikumbuka. Kumbe alinijua, akamalizia maombi na wenzangu, akawapa watu chai ya pili, akanyamaza. Akaniuliza swali moja tu: "Pini uliziona?"

Ningeweza kusema sikuziona. Hata pale, hata baada ya yote, jibu hilo lilinijia la kwanza. Nikasema, "Niliziona."

Akasema asante kwa hiyo. Akasema pia, "Nitakusamehe, lakini usiniharakishe." Sikumharakisha.

Hakupanda gari. Mwenye duka alimwomba arudi, akakataa. Alisema hawezi tena kukunja suruali akijiuliza aliyesimama juu yake ni nani. Lakini alikubali mzee awe anampelekea nguo za kurekebisha, na leo ana meza na cherehani mtaani Ngara, kwenye ghorofa ya juu ya duka la jumla, na amemwajiri mwenzake. Mimi nabeba makatoni ya vitabu duka la tatu kutoka hapo. Kazi hiyo ni yeye aliyeniulizia. Ndiyo, mmesikia vizuri, ni yeye. Mimi bado sijaelewa.

Namshukuru mama watoto, aliyenisindikiza siku ambayo angeweza kunifungia mlango. Namshukuru yule mzee, aliyekubali kosa lake mbele ya mtu mwenye kosa kubwa zaidi. Mama kiongozi, nakushukuru kwa kuniona siku ile niliyotaka nisionekane.

Na kama kuna la kujifunza, ni hili tu ninalo. Siku utakapoulizwa juu ya mtu, na unalijua jibu linalotakiwa, andika na kile ulichokiona kikiwa mdomoni mwake. Hata kama watakupa sita. Nilitafuta kumi mpaka nikaipata, na suruali ndiyo hii nimevaa. Angalieni miguu yote miwili. Pindo halijafumuka hata uzi.

Jana dada alipita kwenye makatoni yangu, akaniambia, "Kesho sema. Na yale maombi yako hukuyamaliza." Amekaa kati yenu, sitaangalia upande wake. Naomba tusimame, nimalizie nilipoachia.

Bwana. Msamehe yule aliyeandika. Ni mimi. Amina.