Mzee Stesheni na Gari la Mama

Ndugu wafiwa, majirani, na wenzake wa yadini, familia imenipa mimi, kitinda mimba, kazi ya kuwasimulia maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Stesheni.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne wa fundi breki na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, akaingia shule ya ufundi mwaka 1973, akahitimu umakanika mwaka 1976, akiwa na alama nzuri za injini, na za hesabu ambazo hakupenda kuzitaja.

Mwaka 1977 aliajiriwa na kampuni ya malori, akaitumikia hadi mwaka 1990, alipopelekwa Japani kwa mafunzo ya miezi sita, na huko, kwa maneno yake mwenyewe, akarogwa, maana alimwona bibi kizee akipandisha mlima na stesheni wagon iliyojaa mboga, akiyapita magari ya vijana kama yamesimama, na tangu siku hiyo gari la kawaida halikumwingia tena moyoni.

Mwaka 1993 alifungua yadi yake ya kuuza magari nyuma ya duka la mbao, akaagiza magari ambayo wenzake waliyaogopa, stesheni wagon zenye turbo na gia za mkono, fowili, yaani jipu fupi za mraba, vibasi vinavyovuta kwa magurudumu yote manne vyenye kitanda ndani, na walipomcheka kwamba anauza magari ya kubebea maiti, aliwajibu kwamba basi wao watapelekwa kwa baiskeli. Mwaka 1998 alinunua mnadani, kwa picha tu, fowili iliyong'aa kama sahani mpya, ilipofika akaingia chini yake, akakuta chuma kimekuwa biskuti, kwa kuwa ilitoka kwenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na badala ya kuipiga rangi amuuzie asiyejua, aliikata vipuri kwa mkono wake, akatuachia msemo wa yadi, kwamba uso hukuchekea, tumbo hukwambia kweli.

Alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa chekechea, tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu, kaka mwaka 1988, dada mwaka 1991, na mimi mwaka 1997. Mama aliahidiwa gari, akaletewa mengi, ila kila moja lilikaa nyumbani mpaka mteja alipolitupia jicho, likaondoka, na yule mwanamke wa Kijapani wa ndani ya redio, anayesalimu gari likiwashwa, ambaye Mama alimwita mke mwenza, alihama kila mara kabla hawajazoeana.

Februari 2023 Baba aliugua figo, na Desemba, akiwa kitandani, akaagiza stesheni wagon ya buluu, gia za mkono kama Mama anavyopenda, akasema hii haiuzwi, nasi tukatazamana. Mteja wake wa siku nyingi, daktari wa meno, alimfuata hadi wodini kuiomba, Baba akamwambia hiyo ni ya mama watoto, akageukia ukutani, na mteja akatoka akamweleza muuguzi kwamba mzee kweli anaumwa.

Kila asubuhi aliuliza meli imefika wapi. Ijumaa tarehe 5 Aprili 2024 gari lilitoka bandarini, kaka akaliegesha chini ya dirisha la wodi, Mama akaliwasha, mke mwenza akasalimu, na Baba, ambaye hakuweza kuinuka, alisikiliza kwa muda, akasema kuna mkanda wa injini unalia, ubadilishwe. Jumanne tarehe 9 Aprili, alfajiri, alituaga.

Gari lililomleta hapa leo ni hilo, viti vimelazwa, kama walivyotabiri waliomcheka, na dereva alikuwa Mama. Pale getini bwana mmoja amemuuliza kaka, kwa sauti ya chini, kama linauzwa, Mama akamjibu kwamba muuzaji amelala.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia mngurumo wa gari chini ya dirisha lao, majirani waliotupikia na kukesha nasi, mafundi na mawakala wa forodha waliofunga kazi leo, na daktari wa meno, aliyebeba jeneza.

Baba, mkanda tumeubadilisha, gari ni la Mama. Pumzika kwa amani.