Eti Mama Alishika Vibaya

Bwana asifiwe! Hapana, upande wa vijana sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, hapo sawa. Mchungaji ameniambia, "Mama Furaha, toa ushuhuda wako kwa upole." Nimemwitikia ndiyo, na nitajaribu. Lakini nikishindwa asinilaumu, maana mimi bado nina hasira. Hasira kweli kweli!

Ndugu zangu, mimi ni Mhehe, mzaliwa wa Nyololo, nimeolewa hapa Uyole. Mume wangu ni yule pale karibu na dirisha, Baba Furaha. Amenipa ruhusa niseme yote, kwa hiyo msimwangalie kwa huruma. Acheni niseme.

Huyu alikuwa mtu mzuri mpaka alipoijua vepu, ile sigara ya umeme. Na si vile vidogo vya rangi rangi ambavyo watu wanavuta wanatupa. Yake ilikuwa bomba la chuma, zito kama tochi, ambalo unalifungua kichwani, unasuka waya mwenyewe, unatia pamba, halafu unaidondoshea juisi yake ya kuvuta. Jioni anakutana na wenzake pale wanapooshea magari, watu wazima wenye ndevu, wenye watoto shuleni, wanashindana nani kasuka vizuri na nani anajua kushika. Kushika! Jamani, kulikuwa na elimu ya kushika! Kitufe cha kuwashia kiko chini kabisa, kwenye kitako cha bomba. Basi huyu anabonyeza kwa kidole cha mwisho, yule kwa gumba, mwingine anasema lazima uliinamishe kidogo ukivuta, mwenzake anasema ukiinamisha umeharibu. Wanabishana mpaka mate yanawaruka. Maana vitundu vya hewa viko ubavuni, na ukililaza bomba, juisi yote inavuja. Hiyo ndiyo ikawa sheria ya nyumba yangu: lisilale!

Nikawa naishi na sanamu. Bomba linakaa mfuko wa shati, wima, na mwanamume hainami. Kamba ya kiatu ikifunguka, nimfungie mimi. Tukienda kwetu, wazee wanamsalimu "kamwene". Na kwetu mkubwa akikusalimu unainama, unashusha mabega, hata uwe na cheo gani. Yeye kasimama kama nguzo ya umeme! Shangazi akaniuliza kama mkwe wetu ana ugonjwa wa mgongo. Niliona aibu nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Na kanisani humu humu, tukiambiwa tuinamishe vichwa tuombe, yeye amefumba macho na kichwa kiko juu. Mlidhani ni kiburi. Kumbe ni juisi ya stroberi! Na leo naona kuna vijana hapo nyuma wamekaa wima mno. Nawajua!

Sasa sikilizeni. Mtoto wa kaka yangu alipata kipaimara, tukaenda Nyololo kwenye sherehe. Chakula kiko tayari, mimi nanawisha wageni, jagi mkono huu, beseni mkono huu. Nikamfikia Baba Furaha. Alikuwa ametoka kulijaza bomba lake, kalishika mkononi. Akilirudisha mfukoni akainama kunawa, litamwaga. Akiliweka mezani, watoto wanapita pita, litaanguka. Akatafuta wa kumshikia, na aliyekuwa karibu ni mama yangu.

Mama yangu anasuka vikapu vya milulu, zile nyasi ndefu. Vile vikapu vya Iringa mnavipenda, mnabebea zawadi kwenye harusi, mnavijua. Baba alifariki sisi wadogo, na ile mikono ndiyo ikatulea. Mume wangu akamwambia, "Mama, nishikie kidogo. Lisimame hivyo hivyo, lisilale."

Ndugu zangu, kitu cha mkwe hakipokelewi kwa mkono mmoja. Mama akainama kidogo, akapokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na mama yake. Kiganja cha kulia kikakaa chini ya kitako, cha kushoto kikaegemeza ubavuni. Heshima tupu! Na kile kiganja kikabonyeza kitufe, na kitufe kikikaa kimebonyezwa, chuma chote kinawaka moto. Hakuna aliyemwambia kuna kitufe. Aliambiwa lisilale tu.

Mimi nanawisha, nasikia harufu ya kitu kitamu kinachoungua. Nikageuka. Mama uso umekakamaa, machozi yanamtiririka, mikono iko mbele, na lile bomba limesimama wima, halijalala hata kidogo. Hakulitupa! Kakabidhiwa na mkwe mbele za watu, angelitupaje? Hakupiga kelele, asimwaibishe mkwe wake! Nikammwagia maji yote ya jagi, nikalipiga lile dubwana likaanguka chini linafoka moshi. Ngozi ya kiganja ilikwenda nalo.

Hospitali daktari akasema moto umeingia ndani, vidole vinaweza kujikunja visifunguke tena. Mama hakuuliza habari ya maumivu. Aliuliza, "Nitasuka?" Daktari akajifanya anatafuta kalamu yake.

Basi wale wenzake mume wangu wa pale wanapooshea magari wakampigia simu. Kwanza wakampa pole. Halafu mmoja akasema, nami nasikia, "Ila bi mkubwa naye alishika vibaya, kaka. Ile haishikwi kwa kitako." Alishika vibaya! Mama yangu! Mtu kapokea kitu kwa heshima zote mbili, kulia na kushoto, kaungua huku kanyamaza, ndiye aliyekosea? Nilimnyang'anya mume wangu simu. Niliyoyasema Mchungaji hataki niyarudie hapa. Ila hili nalirudia: mnajua pembe ya kuinamisha chuma, na hamjui kumwinamia mama wa mtu! Na mlituambia ni mvuke tu, hauna neno. Mvuke tu!

Nikamgeukia Baba Furaha. Nilikuwa nangoja aseme neno moja la kuwatetea, nimfukuze palepale wodini. Na nikaona mfukoni mwa shati lake kuna bomba. La pili! Mtu huyu alikuwa nalo la pili, kaja nalo hospitali! Ndugu zangu, kama si Mungu, leo ningekuwa natoa ushuhuda gerezani.

Alipiga magoti pale kitandani, akainama mpaka paji la uso likagusa godoro. Bomba likalala. Juisi ikaanza kuvuja, ikashuka kwenye shati, ikachuruzika sakafuni, wodi nzima ikanukia peremende. Hakuinuka. Nesi akaja anafoka, nani kamwaga soda? Hakuinuka. Analia kama mtoto, "Mama nisamehe, mama nisamehe." Mama akamwekea mkono ule mzima kichwani, akamwambia, "Inuka, baba. Shati lako limelowa."

Bwana asifiwe! Nesi ndiye aliyelitoa lile bomba akalitupa na taka, na mume wangu hakulitafuta tena. Msidhani ilikuwa rahisi. Alitetemeka, alitoka jasho, alinifokea kwa ajili ya chumvi. Mlifunga naye, mliomba naye, Mungu awabariki. Tukamleta mama hapa Uyole, na kila asubuhi Baba Furaha ndiye aliyemnyoosha vidole kama walivyotuelekeza hospitali, kimoja kimoja, polepole. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Wazee wakanung'unika. Mama akawajibu, "Aliyeniunguza ndiye anayenihudumia, mwacheni." Na vidole vikaanza kufunguka! Sasa anashika mlulu, anavuta, anabana. Kikapu kinakwenda taratibu, lakini kinakwenda. Haleluya!

Mama alisamehe siku ileile. Mimi sikuweza. Niliomba huku nimeuma meno: Bwana, mponye mama yangu, huyu mwanamume mwache kwanza. Bwana akawaponya wote wawili, wala hakungoja hasira yangu iishe. Bado ipo, mmeisikia wenyewe. Lakini nalala na mume wangu nyumba moja, nampikia, na jana nimecheka naye. Kwangu mimi huo ni muujiza!

Kwa hiyo wewe uliyefungwa na bomba, na wewe uliyefungwa na uchungu juu ya mtu, usingoje upoe ndipo uje kwa Bwana. Njoo ukiwa wa moto hivyo hivyo. Mimi nimekuja hivyo na hajanifukuza.

Mama yangu ni yule pale mbele, mwenye kitenge cha kijani. Tukitoka msalimieni. Mpeni mkono, lakini msiubane, bado unamuuma. Amina.