Yeremia Mihayo, Kanda Yake ya Kilatini na Watoto Wake Wanne

Wasifu huu nimeuandika mimi Wilhelmina, mdogo wake marehemu, kwa sababu katika kikao cha msiba kila mtu alisema hana muda. Baba mdogo Masalu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alinipa agizo moja tu: niandike kwamba marehemu ameacha watoto watatu. Nilimjibu nimesikia. Kusikia nimesikia. Mchapaji wa ratiba ya mazishi nimeshamweleza asipokee marekebisho ya mtu mwingine yeyote, awe na mvi au asiwe nazo.

Marehemu Yeremia Ngosha Mihayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Nyanguge, wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ngosha Mihayo na Mama Kabula. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo kitoto kilipiga kelele mpaka wakunga wakatoka nje kupumzika. Ukali huo alikua nao. Majirani zake mliotoka Igogo mjini hamhitaji maelezo yangu.

Alisoma shule ya misheni hapa hapa nyumbani, kisha shule ya kati, akamaliza darasa la nane mwaka 1957. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwenye mikono ya ufundi. Mwalimu mkuu aliwahi kumfukuza kwa wiki nzima kwa kosa la kuifungua saa ya ukutani ya shule. Saa aliirudishia, ikafanya kazi vizuri kuliko mwanzo, lakini msamaha hakuomba, maana kwa maoni yake alikuwa ameitengeneza. Kuomba msamaha ni kitu ambacho kaka yangu hakujifunza, na ndicho kilichotufikisha hapa tulipo leo.

Mwaka 1961 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba, akapanda kutoka kibarua mpaka fundi mkuu wa mitambo. Miaka yote hiyo alizoea kuongea kwa kushindana na mashine, na jioni akarudi nyumbani na sauti ile ile. Akiomba chumvi mezani, ungedhani nyumba inaungua. Mwaka 1994, biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa makampuni ya watu binafsi, kiwanda kilipunguza wafanyakazi naye akapunguzwa. Akanunua mashine ya kusaga, akaifunga Mabatini, akaendelea kupiga kelele huko.

Tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa na wifi yangu Odeta, binti wa Ukerewe, aliyelelewa Mkatoliki akahamia kanisa letu kwa ajili yake. Mungu aliwajalia watoto, na wa kwanza ni Kija. Mwaka 1992 kaka alimwombea Kija nafasi pale kiwandani. Kija akakataa, akaenda kukata minofu ya sangara katika kiwanda cha samaki. Kaka alisimama katikati ya uwanja wa nyumba, Baba mdogo akiwepo, akasema, "Huyu nimemfuta. Kuanzia leo nina watoto watatu." Kija akachukua begi akaenda kupanga chumba Kirumba. Miaka miwili baadaye baba hana kazi, mtoto ana mshahara. Mtu mwingine angecheka, angemwita mwanawe wakala ugali yakaisha. Kaka yangu aliona aibu, na alipoona aibu akakaza zaidi.

Mwaka 1995 aligundulika ana presha. Daktari alimwambia apunguze chumvi na hasira. Chumvi aliacha siku ile ile. Kuhusu hasira alikuja kwangu kuuliza zinaachwaje, na aliuliza kwa hasira. Nikamwambia atafute kitu cha kumtuliza. Akaenda kwenye vibanda vya kanda pale Mirongo kutafuta kwaya isiyo na ngoma wala gitaa. Kijana wa kibandani akamuuzia kanda ya watawa wa Ulaya wanaoimba Kilatini. Ngoma haina kweli, wala kinanda. Wanaume wanaanza wote kwa pamoja, wanapanda kidogo, wanashuka kidogo, na wewe unangoja kiitikio mpaka unachoka.

Kila asubuhi kabla ya kwenda mashineni alikaa kibarazani, amefumba macho, redio kaseti iko mapajani, na mtu yeyote asiiguse. Hata kugeuza kanda aligeuza mwenyewe. Wiki ya kwanza tu Mama Antoni wa nyumba ya jirani aliingia uani na akina mama wenzake, mmoja na mzigo wa kuni kichwani, wamejifunga khanga, wanauliza kwa huzuni nani amefariki. Kaka akafumbua jicho moja. "Hajafa mtu. Natuliza presha." Odeta ndiye aliyemweleza kwamba nyimbo zile wazee wa Kikatoliki walizizoea kwenye misa ya wafu, kabla misa haijawa ya Kiswahili.

"Hao marehemu walitulia au hawakutulia?" kaka akamuuliza.

"Walitulia, baba Kija."

"Basi ndicho ninachotafuta."

Mimi kanda ile niliichukia. Lakini siku moja nilikaa naye mpaka ikaisha, nikaona sijagombana na mtu asubuhi nzima, na mnanijua. Naye sauti ilishuka. Wateja wa Mabatini wakaanza kuuliza kama mzee anaumwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kutulia kwenyewe alikutafuta kwa ajili ya Kija. Aliniambia mwenyewe: "Mina, nikienda nikiwa na hasira nitamfuta mara ya pili. Acha kwanza nitulie." Kila Jumapili baada ya ibada alisikiliza kanda yake, akavaa viatu, akatoka kwenda Kirumba. Akafika barabarani, akarudi. "Bado sijatulia." Jumapili nyingine hivyo hivyo. Wifi anapika chakula cha mtu mmoja zaidi, anakimwaga. Miaka mitatu. Nilimwambia kaka, hao watawa wenyewe wangeshachoka kuimba. Akanijibu kwa upole, na upole wake ukaniudhi kuliko kelele zake.

Mwezi Juni mwaka huu alipatwa na kiharusi, akalazwa Bugando. Mdomo ulikuwa umepinda na maneno yalimtoka kwa shida. Jumapili ya tarehe 5 Julai, Kija alikuja wodini. Tulikuwepo mimi na wifi. Kija akasema, "Shikamoo, baba." Kaka hakuitikia. Kanda ilikuwa inaimba kwa sauti ya chini pembeni ya mto. Upande wa kwanza ukaisha. Mimi nikanyoosha mkono, kaka akautoa. Akamtazama mwanawe. Akahangaika na ule mdomo mpaka jasho likamtoka, akasema, "Kija. Geuza."

Kija akageuza kanda. Akabaki pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na akarudi kila siku. Alhamisi ya tarehe 9 Julai 1998, alfajiri, kaka yetu alifariki dunia.

Nililipeleka jambo hili kwenye kikao. Baba mdogo akasema mtoto alifutwa kwa maneno mbele ya watu, na alichosema mgonjwa kilihusu redio. Baba mdogo, nakuheshimu, lakini nimechoka. Jina lile alikuwa hajalitamka kwa miaka sita. Redio ile hakumpa mkewe, hakunipa mimi. Mlitaka mtu aliyepooza awatolee hotuba? Kwa mtu mwingine ni neno dogo. Kwa Yeremia ndiyo ilikuwa yote, na aliyekua naye anajua ninachosema.

Marehemu ameacha mjane, Odeta. Watoto wanne, Kija, Winnie, Nathaniel na Gladness. Wajukuu wawili, ambao wote ni wa Kija na hawakuwahi kumwona babu yao. Na dada mmoja, mimi. Kija ni mtoto wa kwanza, na ndiye atakayeanza kuweka udongo. Kija, sogea mbele, mwanangu, usisimame huko nyuma ya turubai.

Kaka, pumzika kwa amani. Kazi ulipunguzwa. Watoto hatukupunguzii.