Mazoezi ya Nesi Arafa kwa Wanawake wa Nyanungu

Risala ya kikundi cha wanawake wa mazoezi, Nyanungu, Juni 1977. Msomaji: Teresia Athanas, katibu.

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
wazee wetu, shikamooni.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Barabara ya huku tunaijua, na vumbi la mabegani mwako linatosha kutueleza ulivyosafiri. Maziwa ya mgando yapo, ugali wa mtama upo, na mbuzi hakuleta ubishi.

Katibu wa kijiji alitushauri tuandike "maradhi ya akina mama" tu, tupite haraka. Tulimshukuru. Lakini wewe ni mganga, na tungeandika hivyo usingejua tunaumwa nini. Kwa hiyo tutataja nyonga, na wazee watuvumilie.

TULIKOTOKA

Tutaeleza habari za mwenzetu Mogesi, mke wa Mwikwabe, kwa ruhusa yake. Ni huyu hapa mbele mwenye kitambaa cha manjano.

Mogesi alijifungua mtoto wa nne mwaka 1974, wiki ile tuliyohamia kijijini, nyumba hazijaezekwa. Uchungu ulimshika siku mbili. Mtoto akatoka salama, lakini mama akabaki na maumivu chini kabisa ya nyonga, mahali ambapo mtu hawezi kumwonyesha jirani. Kukaa kukawa adhabu. Kwenye mikutano alisimama nyuma mwanzo hadi mwisho, na mwenyekiti aliposema wanaokubali wasimame, Mogesi naye akahesabiwa. Kwa njia hiyo alikubali mambo mengi, pamoja na lambo kuchimbwa kwenye shamba lake la mihogo.

Nyumbani nako furaha ilipungua. Mwikwabe alidhani amechukiwa. Mogesi hakuchukia mtu. Aliogopa kuumia, na hakujua aanzie wapi kulisema hilo.

Siku moja Mwikwabe aliazima baiskeli ili ampeleke mkewe Tarime. Mogesi hakuweza kukaa nyuma, wakatembea wote wawili, baiskeli inasukumwa. Njiani watu wakawauliza kama baiskeli ndiyo mgonjwa. Huko walipewa vidonge. Vidonge vikaisha, maumivu yakabaki.

KAZI ILIVYOANZA

Mwezi wa pili mwaka jana zahanati yetu ilimpata Nesi Arafa, binti wa fundi cherehani wa Tarime mjini, aliyefundishwa katika hospitali kubwa kutibu viungo kwa mazoezi. Alimpima Mogesi, akahakikisha hakuna uvimbe wala ugonjwa mwingine, kisha akamuuliza, "Mama, ukilala na mumeo unaumia?"

Mogesi akachukua khanga yake, akaondoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza neno hilo, sembuse binti mdogo kuliko yeye. Alifika kisimani, akasimama kidogo, akarudi.

"Naumia," alisema. "Sana."

Nesi akamwambia akunje ngumi, aikaze kabisa. Yeye akaendelea kuandika. Baada ya muda Mogesi akasema mkono unauma.

"Fungua."

Akafungua.

"Misuli ya chini ya nyonga yako imekunja ngumi tangu siku ile ya uchungu," nesi alisema. "Hakuna aliyeiambia kwamba mtoto ameshazaliwa. Tutaifundisha kufunguka."

Mogesi alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena.

Aliagizwa kila siku alale chali juu ya ngozi ya ng'ombe, magoti juu, avute pumzi mpaka tumbo liinuke, aitoe polepole huku akilegeza huku chini. Mara moja kwa wiki nesi alimkanda na kumnyoosha misuli ya mapaja na nyonga kwa mikono yake.

Siku ya tatu Mwikwabe alirudi kutoka malishoni akamkuta mkewe chali, magoti juu, anapumua kwa sauti. Hakuuliza. Alitoka mbio nyumba hadi nyumba, akimtaja mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Mama Machage anajifungua!"

"Kwani ana mimba?"

"Sijui! Njooni!"

Tulifika wanawake tisa na maji ya moto na wembe. Mogesi akatutazama kutoka pale chini.

"Kaeni," alisema. "Nimebakiza pumzi nne."

Alipomaliza alitueleza yote. Kisha mwenzetu Agustina akaweka sufuria chini akasema, "Hata mimi." Kati ya sisi tisa, watano tulikuwa na maumivu hayo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kikundi kilianzia hapo.

MAFANIKIO

Leo tuko thelathini na mmoja. Si wote tumepona. Wawili hawakupata nafuu, na nesi amewaandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa. Mogesi, mwezi wa nne wa mazoezi, alikaa kwenye kigoda akapepeta mtama debe zima, ndipo akakumbuka kwamba hajainuka. Kuhusu Mwikwabe tunasoma hili moja tu: mtoto wa tano ana wiki sita.

TAABU ZETU

Tunafanyia mazoezi ghalani. Mahindi yakija, sisi tunatoka. Mlango hauna komeo, na mbuzi wamezoea kuja kutukanyaga tumbo.

Taabu kubwa ni barua iliyofika wiki iliyopita. Nesi Arafa amehamishiwa Mugumu.

MAOMBI

Tunaomba chumba chenye mlango. Matofali tumeshafyatua.

Tunaomba Mogesi na Agustina wafundishwe kazi hii rasmi, maana mikono yao imeshaanza kuijua.

Ombi la tatu lilikuwa uhamisho ufutwe. Tuliliandika kwa wino, tukalipigia kura. Mogesi akauliza, "Na wa Mugumu wao hawana nyonga?" Tukalikata kwa mstari, na katika karatasi hii utauona.

Badala yake tunaomba utuambie tarehe atakayoondoka, siku yenyewe na saa, ili asiwepo hata mmoja wetu atakayekuwa shambani.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, Ndugu Mgeni Rasmi, na ailinde mikono ya binti huyu popote itakapotumwa.

Ni sisi wenu,
Wanawake wa Mazoezi, Kijiji cha Ujamaa Nyanungu