Bosi Hataki Kiatu

Benchi letu limebanwa ukutani, kati ya mlango wangu mimi fundi cherehani na mlango wa kinyozi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na mwenzako akisimama ghafla bila kukuambia, unajikuta chini. Mama Kahawa huweka jiko lake la mkaa pembeni na birika juu yake, na ikifika saa mbili asubuhi wenyewe tumeshafika. Yupo Wembe, kinyozi, ambaye humwacha mteja na nusu ya ndevu ili aje kubishana. Yupo Profesa, fundi bomba, aliyepata jina hilo kwa kusoma kila gazeti lililofungiwa kitu, hata liwe la mwaka juzi. Nipo mimi na tepu yangu shingoni. Breki, dereva wa lori la mizigo, tunamwona siku chache tu kwa mwezi. Jumanne moja alitokea kwenye kona akiwa amembana bintiye kwapani kama gunia la viazi linalopiga mateke. Binti ana miaka mitatu na nusu na nyumbani wanamwita Bosi. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Kiatu cha pili kilichungulia kutoka mfuko wa shati la baba yake.

— Salama hapa? — aliuliza Breki, akihema.

— Salama ipo, — alisema Mama Kahawa. — Ila wewe naona umekuja bila yako.

— SITAKI! — alipiga kelele Bosi.

— Hataki nini?

— Kiatu. Kabla ya kiatu alikuwa hataki uji. Kabla ya uji alikuwa hataki kuamka, na kabla ya hapo hakutaka kulala.

Alimtua chini. Bosi akajilaza palepale kwenye vumbi, akatawanya miguu na mikono, akaanza kulia ile ya kuvuta pumzi mpaka unamhesabia.

Breki akatueleza. Mkewe amepata kazi ya kufua mashuka hospitalini na anaondoka kabla jua halijachomoza. Wiki hii Breki yuko mapumzikoni, kwa hiyo asubuhi zote ni zake na mtoto. Kuanzia Jumatatu anarudi barabarani, na Bosi atakuwa anashinda hapa kwa Mama Kahawa, ambaye ni jirani yao, mpaka mama yake arudi.

— Hapa? — aliuliza Profesa. — Hapa hapa kwenye benchi?

— Kwani benchi ni la ukoo wako? — alisema Mama Kahawa.

— Leo siku ya pili tu, — aliendelea Breki. — Nimeshusha lori la magurudumu kumi na nane kwenye mteremko wa utelezi, mvua inanyesha, sikutetemeka. Leo nimeshindwa na kiatu cha mtoto.

Hapo sasa ndipo wataalamu walipoamka.

— Huyo ni minyoo, — alisema Wembe. — Mtoto mwenye minyoo hana subira, maana anasubiri kwa niaba ya wengi.

— Minyoo gani! — alisema Profesa. — Ni presha. Mtoto ni kama bomba. Juu unafungua maji, chini umeziba, lazima lipasuke. Nilisoma mahali.

— Ulisoma wapi?

— Karatasi ilikuwa imechanika hapo.

— Basi mimi nawaambia, — alisema Wembe, — hasira inakaa kwenye nywele. Niletee huyo mtoto nimpige upara, jioni atakuwa anakuamkia kwa adabu. Umewahi kumwona mwenye upara akigaragara chini?

— Mume wangu ana upara, — alisema Mama Kahawa. — Njoo nyumbani kwangu siku timu yake imefungwa.

Tulicheka mpaka ubao ukalia. Bosi aliposikia kicheko akaongeza sauti, akidhani tunamcheka yeye.

— Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, — alisema Profesa. — Akilia, na wewe lia zaidi yake. Atashangaa, atanyamaza.

— Acha masihara.

— Jaribuni!

Wembe hajawahi kukataa jambo la kipuuzi. Alipiga magoti mbele ya Bosi, akavuta pumzi, akatoa ukelele uliomfanya mteja wake atoke kibandani na povu kidevuni kuuliza kama kuna mwizi. Bosi alinyamaza. Alimtazama Wembe kwa mshangao, kidogo tu. Kisha akarudisha ukelele mara mbili ya ule, kwa ufundi zaidi.

— Kakushinda, — nilisema. — Na yeye wala hajafungua duka, anajipasha tu.

— Sasa tuache mchezo, — alisema Wembe akijipangusa magoti. — Mchelea mwana kulia hulia yeye. Fimbo moja tu, nyepesi. Sisi tulichapwa, na mbona tumekuwa watu?

— Wewe umekuwa mtu? — aliuliza Mama Kahawa.

Breki hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, akitazama viganja vyake.

— Jana nilimchapa, — alisema polepole. — Alimwaga maziwa, akaning'ata mkono nilipomzuia. Nikamchapa kofi. Akakimbilia chini ya kitanda. Nikamwita, nikambembeleza, hakutoka mpaka mama yake aliporudi. Alinitazama kule chini kama mtu anayemtazama mgeni. Na kusema kweli, mimi ni mgeni. Namwona wiki moja kwa mwezi. Wiki yenyewe ndiyo hii.

Wembe aliacha kujipangusa magoti, akamsogelea.

Wakati huohuo Bosi alikuwa amesimama. Alivua kile kiatu kimoja kilichokuwa mguuni, akakivurumisha bila kulenga. Kikagonga birika. Birika likayumba juu ya jiko, kahawa ya moto ikaruka kutoka kwenye mdomo wa birika, na Bosi mwenyewe akaja mbio kuelekea palepale kufuata kiatu. Mama Kahawa alipiga ukunga. Breki aliruka, mkono mmoja ukiwa umeinuka juu, na sidhani kama hata yeye alijua mkono ule unakwenda kufanya nini.

Tuliona mkono mwingine ukipita katikati yetu, mnene kama wa mbeba mizigo. Ulilidaka birika na kulitua kwenye ukingo wa dirisha langu. Kisha mwenye mkono akalisukuma jiko kwa mguu mpaka ukutani, akasimama mbele yake kama mlango.

Nilimfahamu kidogo. Alikuwa mteja, aliyefika siku tatu nyuma akataka nimshonee aproni pana yenye mifuko sita. Jitu refu, mabega mapana, shingo fupi. Siku ile Wembe alininong'oneza kwamba huyo bila shaka ni mlinzi wa benki.

— Samahanini, — alisema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili. — Moto kwanza, maneno baadaye. Nani mzazi?

— Mimi, — alisema Breki, mkono ungali juu.

— Kaka, shusha mkono kwanza. Vuta pumzi. Mtoto hajaungua, yuko salama. Sasa kaa chini.

— Benchi limejaa.

— Chini. Kwenye ardhi. Karibu naye, lakini usimfuate.

Breki alitutazama, kisha akakaa vumbini na suruali yake safi. Bosi alikuwa amerudi kujilaza, anapiga mateke.

— Nimwambie nini?

— Machache. Mwambie unachokiona.

Breki alikohoa.

— Bosi… umekasirika. Hutaki kiatu.

— SITAKI!

— Hutaki. Sawa.

Bosi alinyanyua kikombe kitupu kilichoanguka, akakiinua kutupa. Breki alimtazama yule jitu, naye akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe: taratibu, zuia, usivute. Breki akaweka kiganja mbele ya kikombe.

— Sitakuacha utupe. Kitaumiza mtu. Mimi niko hapa.

Kikombe kikabaki hewani, kisha kikaanguka chenyewe.

— Sasa? — aliuliza Breki.

— Sasa unangoja.

— Mpaka lini?

— Mpaka kiishe. Kilio ni kama mvua, huwezi kukizuia.

Profesa alifungua mdomo mara mbili, na mara mbili Mama Kahawa akamwonyesha kijiko. Wapita njia walipunguza mwendo, wakatukuta tumekaa kama watu wa msibani. Mteja wa Wembe alisimama mlangoni, povu likimkaukia.

Kilio kilishuka, kikapanda, kikashuka tena. Kikawa kwikwi. Bosi akajisogeza kwa makalio, hatua moja, akatulia, akamtazama baba yake kwa jicho moja. Breki hakusogea. Bosi akajisogeza tena. Mwishowe kichwa chake kikafika kwenye goti la baba yake, kikatua pale.

Breki aliweka mkono mgongoni mwa mtoto polepole, kama mtu anayeweka yai mezani.

— Mwenyewe, — alisema Bosi.

— Mwenyewe nini, mama?

— Nivae mwenyewe! Wewe umevalisha!

Wembe alijishika kichwa. Asubuhi nzima, tangu kitandani mpaka kwenye ukelele, kumbe mtoto alikuwa anadai kazi yake.

Breki alitoa kiatu mfukoni, Mama Kahawa akaleta cha pili. Bosi akakaa, akakunja uso, akaanza. Ilichukua muda mrefu kuliko kunyoa watu wawili. Mguu uliingia, ukatoka, kisigino kikakanyaga nyuma ya kiatu. Sisi tulikuwa tumeinama mbele kama watu wanaotazama penalti. Ukanda ulipokamata, Profesa alinikaba mkono mpaka ukaniuma. Kisha cha pili. Alipomaliza akasimama, ametuna kifua. Cha kulia kilikuwa kushoto, na cha kushoto kulia.

Breki alifungua mdomo. Akaufunga.

— Umevaa mwenyewe, — alisema.

— Ndiyo, — alisema Bosi. Baba yake akampa kitambaa, wakaifuta pamoja kahawa iliyorukia benchi, yeye akiisambaza zaidi kuliko kuifuta.

Nilimletea yule mgeni aproni yake. Aliivaa, ikamkaa vizuri.

— Ndugu, — aliuliza Wembe, — wewe kwenye benki yako unalinda mlango upi?

— Benki? Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nina watoto ishirini na wawili. Hii mifuko ni ya leso zao.

Nadhani Wembe angeanguka kama benchi lisingekuwa na ukuta nyuma.

— Kwa hiyo wewe huwa hukasiriki? — aliuliza Breki.

— Nakasirika sana. Juzi mmoja kanitemea mate. Nikamwita mwenzangu awaangalie, nikasimama nje kidogo, nikavuta pumzi, nikarudi. Ukiona mkono unataka kwenda wenyewe, mweke mtoto mahali salama, halafu jiokoe wewe kwanza. Na hii uliyofanya leo, kesho huenda isifanye kazi. Utafanya tena keshokutwa.

— Na lile kofi la jana?

— Mwambie ulikosea. Wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Breki aligeuka pale pale vumbini, uso kwa uso na bintiye.

— Bosi, jana baba alikupiga. Baba alikosea. Sitakupiga tena.

Bosi alifikiri. Akamshika masikio yote mawili, akamtikisa kichwa.

— Uliniumiza.

— Nilikuumiza.

— Haya, — alisema, kama karani anayefunga faili.

Mama Kahawa alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi, na moshi wenyewe haukuwepo. Profesa akarudisha birika juu ya jiko na kuagiza vikombe vya wote kwa heshima ya mwalimu. Vicheko vikarudi. Wembe akaanza kutueleza kwamba yeye tangu mwanzo alijua kuwa si nywele.

Bosi alikuwa anatusikiliza, amesimama na viatu vyake vilivyotazama huku na huku. Akamvuta baba yake shati.

— Baba, ukienda na lori, nikikasirika hapa, nani atakaa chini?

Mwalimu alikunywa kahawa yake, akatuachia swali letu. Breki alitugeukia, na sijawahi kuona dereva wa lori akiomba kwa macho namna ile. Mama Kahawa aliinamisha birika kwenye kikombe changu; yakatoka matone mawili, basi.

Wembe aliinuka kwenye benchi. Alikunja suruali, akashika ukuta, akashuka polepole huku magoti yakilia, mpaka akakaa vumbini na aproni yake nyeupe.

— Najaribu tu, — alisema. — Nione kama nafika.